Marehemu Asukile Fanueli na Mgonjwa Wake wa Mgomba

Wachungaji, wazee wa Ilomba, ndugu, majirani, na wageni wetu mliotoka Iringa na Kilolo mkapigwa vumbi na baridi hadi hapa, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba msogee karibu, maana marehemu hakupenda mtu asimame mbali na mgonjwa.

Mzee wetu Asukile Fanueli alizaliwa Rungwe tarehe 4 Machi 1907, kwa maelezo ya mama yake, ambaye alikuwepo, na tarehe 1 Julai 1909, kwa maelezo ya karani wa Boma, ambaye hakuwepo lakini alikuwa na mhuri, na kwa hiyo marehemu aliishi akiwa na umri wa nyumbani na umri wa serikali, akitumia ule uliomfaa siku hiyo. Alianza shule ya misheni mwaka 1920, vita vilipokwisha na walimu wakapatikana tena, akamaliza mwaka 1926, akajifunza udresa, kazi ya kufunga vidonda na kumsaidia daktari, na mwaka 1929 akaajiriwa. Tarehe 12 Septemba 1931 alifunga ndoa na Tupokigwe, binti wa mzee Andendekisye, wakajaliwa watoto watatu, Anyitike, Sekela na Isakwisa, ambao wote wako hapa.

Mwaka 1938, katika hospitali ambayo familia haitaitaja, marehemu alishika taa wakati mwanafunzi aliyesoma kila ukurasa, lakini alikuwa hajawahi kushika kisu, alipompasua mama mmoja, na mama yule akafia mezani. Likafuata lililomuuma zaidi, kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia mume wake, bwana yule akakaa nje hadi jua likageuka, akaja kujua kwa bawabu, aliyemwomba achukue blanketi la mkewe aende nalo. Tangu siku hiyo mzee wetu alikuwa na neno moja tu maishani, kwamba asitokee mwanafunzi wake wa kujifunzia juu ya mtu aliye hai, iwe kwa mkono, iwe kwa mdomo.

Nafasi aliipata mwaka 1951, hospitali ya misheni kule Kilolo ilipomwita afundishe waganga wasaidizi. Alikata kipande cha mgomba, ambao maganda yake hufuatana kama matabaka ya tumbo, akakivika gunia, ndani akaweka utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, na chini yake kibofu kilichojaa maji mekundu, akamlaza kitandani, akamwita Bwana Mgomba. Mwanafunzi alipaswa kumwamkia, kumweleza atakachomfanyia, na kumwomba ruhusa, kabla ya kugusa kisu, na aliyekata kupita kiasi alirukiwa na maji yale hadi usoni. Hapo Bwana Mgomba alihesabiwa amefariki, na muuaji alitumwa, na madoa yake, kwenda kumpasha habari mjane, ambaye ni mama Tupokigwe, aliyekuwa akimngoja nyumbani amekaa chini, amejifunga mshipi wa gome kama wafiwa wa kwetu. Mama huyu hakuwa na mchezo. Aliyetamka habari huku amesimama aliulizwa, "Baba, unakimbilia wapi?" na aliyejificha nyuma ya maneno ya kitabu aliambiwa, "Sema Kiswahili, mume wangu hakuwa Mzungu," na wapo waganga wakubwa katika msiba huu waliorudishwa mlangoni waanze upya.

Mwaka 1956 alifika mkaguzi kutoka makao ya jimbo, akakuta vijana wamevua kofia wanauamkia mgomba shikamoo, akauliza mgonjwa huyu analalia kitanda kilichonunuliwa kwa ruzuku ya serikali kwa idhini gani, ikiwa hana kabila wala stakabadhi ya kodi. Marehemu akajibu, "Kweli bwana, kodi hajalipa, ila hajawahi kulalamikia chakula." Mkaguzi hakucheka, aliandika, na maandishi yake yalisema mafunzo hayo yatafungwa mwisho wa mwaka, faida yake isipothibitishwa.

Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo, daktari wa hospitali akiwa ameitwa Iringa kujadili kama Bwana Mgomba ana faida, ngiri ilibana utumbo wa marehemu, na kungoja hadi daktari arudi kulikuwa ni kuchagua jeneza. Aliyebaki ni mwanafunzi wake Edmund, kijana wa Kilolo, ambaye alikishika kisu akakirudisha, mara ya pili na ya tatu, hata nesi Evarista, aliyeshika dawa ya usingizi, akageukia ukuta asimwone. Marehemu alimtazama akasema, "Edmund, mwanangu, niite Bwana Mgomba, uanze." Edmund akamwamkia, akamweleza, akamwomba ruhusa, na safari hii kisu hakukirudisha, akapasua tabaka kwa tabaka, akaufungua utumbo, akashona, na mshono ukashika. Mwezi wa kumi na moja marehemu alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkaguzi, akapandisha shati, akamwonyesha uthibitisho, na mkaguzi, baada ya kufikiri sana, akauliza utawekwa katika jalada lipi. Mafunzo hayakufungwa.

Mwezi Machi mwaka huu wa 1958 miguu ilianza kumvimba na pumzi kukatika, madaktari wakasema ni moyo, wakafanya yote yaliyowezekana, na tarehe 14 Juni alfajiri alifariki hospitalini Kilolo, kwa utulivu. Bawabu hakutumwa. Edmund alishuka mwenyewe hadi nyumba ya mwalimu hapo Kilolo, akavua kofia, akakaa chini, akamwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, "Mama Anyitike," akamwambia kwa maneno machache kwamba baba amefariki, yeye na wenzake wakiwa wamemshika mkono, wala hakuondoka. Mama alimwangalia mavazi, akaona hayana doa, ndipo akajua. Alilia, na alipoweza kusema alisema, "Ndaga, asante, mwanangu, leo umeisema vizuri."

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Kilolo, dereva wa lori aliyemleta huku nyumbani Ilomba, majirani wa Ilomba waliochimba kaburi katika baridi hii, walimu wenzake, na wanafunzi wake, ambao wameomba wambebe wenyewe, taratibu, wakimweleza kila hatua, nasi tumewaruhusu.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, mshono umeshika.