Maneno Yaliyobaki ya Nesi Teodora

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Sogezeni redio karibu, na huko jikoni punguzeni makelele kidogo. Leo tunamkumbuka Nesi Teodora Kokushubira, mzaliwa wa Bukoba, aliyefariki juma lililopita nyumbani kwake Kirumba. Teodora alichanja watoto miaka mingi. Na miaka mingi mkutano mmoja ulimkaa moyoni, haukumtoka.

Mkutano wenyewe ulikuwa mwaka 1973, katika kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, mbali kidogo na Pasiansi. Chanjo ya surua ilikuwa njiani. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Ndalahwa, alipaza sauti: "Sindano hii haina madhara hata chembe!" Watu wakapiga makofi. Teodora hakupiga. Alijua kwamba mtoto mmoja tu akishikwa na homa baada ya sindano, kijiji kizima kitasema kimedanganywa.

Akanyoosha mkono. "Ndugu Mwenyekiti, madhara yapo. Watoto wengine watapata homa. Wachache sana watapata degedege."

Lo! Degedege! Akina mama wakawavuta watoto wao. Maskini Teodora, alikuwa amejipanga: kwanza aseme ubaya wa sindano, halafu aseme ubaya wa surua, watu wapime wenyewe. Alitaka kuwakumbusha watu juu ya watoto waliozikwa mwaka uliotangulia, na wale waliopofuka. Alikuwa hajafika huko. Ndalahwa akamkatiza: "Nesi, kaa chini! Ngoma!"

Kijijini pale ngoma ikilia, mkutano umekwisha. Ndiyo desturi yao, na hakuna anayeruhusiwa kuzungumza ngoma inapolia. Basi ngoma ikalia. Teodora aliendelea kusema, midomo inacheza, hakuna anayesikia. Watu wakarudi nyumbani na neno moja tu, degedege.

Siku ya chanjo, waliokuja walikuwa wachache mno. Ngosha, mkulima wa pamba, alimficha mwanawe Chenge shambani mpaka gari la dawa lilipoondoka. Kiangazi surua ikaingia. Chenge akafa. Hakufa peke yake, wasikilizaji. Kijiji kile kilichoka kuchimba.

Binti yake Teodora, Odeta, anatuambia: "Mama alikuwa anapika, mara anasimama na mwiko mkononi. Anasema, 'Kwa nini sikuanza na surua, Odeta?' Namjibu, 'Lakini mama, ulisema kweli.' Anasema, 'Kweli gani hiyo iliyoishia katikati?'"

Alipohamishiwa zahanati moja huko Mabatini, akaja na mtindo wake. Anafunga mlango kwa komeo, anawaambia wazazi: "Hakuna kutoka mpaka nimalize." Anataja ya sindano, anataja ya surua, hafichi hata moja. Kisha anajibu maswali, hata ya wakorofi. Watu wakambandika jina, Mama Komeo. Mwenyewe alikuwa akilisikia anacheka.

Mwaka 1978, asubuhi, alimkuta Ngosha kwenye benchi la zahanati. Alikuwa peke yake, hana mtoto wala mgonjwa.

"Karibu, baba. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Mama Nesi. Nimekuja kusikia yale maneno yaliyobaki."

Odeta alikuwepo, aliyaona kwa macho yake. Mama yake alifunga mlango. Akamweleza Ngosha yote, polepole, kama anavyowaeleza wenye watoto mgongoni. Ngosha alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ningemleta." Akachukua kofia yake, akaenda zake.

Odeta, na ukoo wote huko Bukoba, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nanyi mliozika watoto mwaka ule, poleni; hatujawasahau. Wasikilizaji wapendwa, chanjo zitakuja tena, na tutabishana tena, mikutanoni na vilabuni. Anayesema zina madhara, msimzomee. Anayesema zinaokoa, naye msimzomee. Wote wawili wapeni nafasi, kisha pimeni kwa haki, maana anayesubiri uamuzi wenu ni mtoto.

Juzi pale kaburini, watu wa mbali walianza kumharakisha aliyekuwa akihutubia, jua lilikuwa kali. Mzee mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka kijijini akasimama. Alikuwa Ngosha. Alisema maneno mawili tu, akakaa.

"Aachwe amalize."

Hayo mawili ndiyo aliyoyakosa Teodora.