Mteja wa Mlango Wazi

Benchi letu liko kituo cha basi, mbele ya duka la donati la Stavros, na mgongoni mwake kumebandikwa tangazo lenye picha ya Vernon Tate enzi zile nywele zake zikiwa nyeusi. Vernon mwenyewe hukaa hapohapo kila asubuhi, mzee sasa, kaegemea sura yake ya ujanani, kahawa mkononi, anapungia kila gari linalopita. Ndiyo maana tunamwita Meya. Ni dalali wa nyumba. Anselmo Cruz naye ni dalali, zamani aliuza magari, na kwa kuwa hakupi mkono bila kukuachia kadi yenye jina lake, hapa anaitwa Kadi. Mimi nilikuwa tarishi mpaka magoti yaliponistaafisha. Naitwa Posta, na sina biashara yoyote na nyumba zaidi ya kupenda kuziangalia. Jumatatu hiyo ya Aprili theluji ilikuwa imebaki vipande vichafu kandokando ya barabara, upepo wa ziwani unakata masikio, tukamwona mwenzetu wa nne, Darlene Pawlak, anaegesha gari. Dalali pia. Tunamwita Mama Vanila kwa sababu kabla ya kuonyesha nyumba ya mtu huchemsha maji ya vanila jikoni, wageni wakiingia wadhani kuna keki inaokwa. Alishuka na viatu vya matope, akakaa bila salamu.

— Sifanyi tena, akasema.

— Hufanyi nini? nikamwuliza.

— Mlango wazi. Kila Jumapili nafungua nyumba ya watu, napanga mabango njia nzima, nasimama mlangoni natabasamu mpaka mashavu yanauma, mji mzima unapita kukanyaga zulia, halafu hakuna anayenunua. Nimechoka, jamani. Nimechoka kabisa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya matofali, mtaa wa Cranberry, ya marehemu Bibi Oberlin. Mwanawe Dwight anaishi Cleveland, na kila Jumatano alikuwa anampigia Darlene simu kumwuliza kwa nini haijauzwa na kumwamrisha afanye mlango wazi mwingine.

Meya akacheka kidogo.

— Nilikwambia. Nakwambia tangu zamani. Mlango wazi ni mambo ya watu wasio na kazi. Mimi nimeuza nyumba mji huu miaka nenda rudi, hiyo biashara ya kusimama mlangoni na biskuti niliiacha kitambo.

— Jana walikuja nani? Kadi akauliza.

— Wale majirani wa upande wa kulia, wamekuja kuona kabati za marehemu. Yule mzee wa futi kamba aliyepima gereji yote, ukimwuliza anatafuta nyumba anasema hapana, anajenga gereji yake. Mtu na mkewe wamegombana jikoni kwa Bibi Oberlin kama wako kwao, nikawapisha. Mmoja kaingia, kauliza choo kiko wapi, katumia, kaondoka. Na huyu hapa.

Alininyooshea kidole mimi.

— Mimi niliangalia ngazi, nikasema. Miaka yote nimepeleka barua mlango ule, sijawahi kuona ngazi zake.

— Umekula biskuti mbili.

— Zilikuwa zimewekwa za nini?

— Za wanunuzi, Posta. Wa-nu-nu-zi.

Kadi akajisogeza mbele. Kahawa yake hakuwa ameigusa.

— Tatizo lako, Mama Vanila, unadhani mlango wazi ni wa kuuza nyumba. Si wa kuuza nyumba. Ni wa kujiuza wewe. Nyumba ni chambo tu. Mtu anaingia, haitaki ile, lakini anataka nyingine, wewe ndiyo unampata hapo. Mimi nikisimama mlangoni siioni hata rangi ya kuta.

— Kwa hiyo Dwight Oberlin ananiazima nyumba ya mama yake nikavulie samaki wangu?

— Sijasema hivyo.

— Umesema hivyohivyo.

— Nyie wote mmepotea, Meya akasema. Mlango wazi umeanzishwa na watengeneza mabango. Fikirieni. Nani anafaidika? Kila Jumapili mabango yanaibwa, yanagongwa na magari, yanaliwa na chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani. Jumatatu dalali ananunua mengine. Hao ndio matajiri wa biashara hii.

— Na wezi, Kadi akaongeza. Wezi wanapenda sana mlango wazi. Anajidai anaangalia bafu, kumbe anafungua kile kikabati cha dawa.

— Si wezi tu, Meya akasema, sasa amepamba moto. Nyumba yenyewe inachakaa kwa kutazamwa. Nacheka? Sicheki. Nyumba ikitazamwa Jumapili nyingi mfululizo inapata harufu fulani, mnunuzi anaisikia kutoka barabarani. Anajua hii imekataliwa. Hata uchemshe vanila pipa zima.

Darlene alikuwa anakwangua matope ya kiatu kwa kijiti cha kukorogea kahawa.

— Leo nampigia Dwight, akasema. Namwambia imetosha. Akitaka mlango wazi aje kutoka Cleveland asimame mwenyewe.

— Hapo umesema, Meya akamwunga mkono.

— Ila jana kulikuwa na mmoja, Darlene akaendelea, taratibu kidogo. Mmoja tu. Mwanamke wa makamo, koti la kazi la bluu. Huyo alitazama kama mtu anayetazama. Alipiga magoti akachungulia chini ya sinki. Alifungua mabomba yote. Akashuka chumba cha chini, kile cha ardhini, akasimama katikati ananusa, hasemi kitu. Akauliza gesi ya kupashia joto inakula kiasi gani Januari. Tumekaa naye mpaka nimeng'oa mabango, amenisaidia kuyapakia. Nikajisemea, kama kuna atakayeinunua, ni huyu.

Kadi akaweka kikombe chini.

— Koti la bluu? Nywele kazifunga nyuma?

— Ndiyo.

— Huyo ni wangu.

— Wako vipi?

— Kwani mwanzoni nani alikushikia mlango ulipokuwa umempeleka mama yako kula baada ya kanisa? Si mimi? Alikuja mapema, mimi ndiye niliyempokea. Nikamwuliza una dalali wa kukusimamia kununua, akasema hajasaini na mtu. Nikampa kadi. Akaiweka mfukoni, mfuko wa kifuani, nimeona kwa macho yangu. Halafu akapanda juu kuangalia vyumba, wewe ukafika.

— Hizo kadi zako unampa hata mbwa wa jirani.

— Huyo si mbwa, ni mteja.

Nilimwona Meya anatazama barabarani, lakini hakuna gari alilolipungia.

— Anaitwa Corinne? akauliza.

Darlene akamgeukia.

— Umemjuaje?

— Corinne Stokes. Anafanya kazi kiwanda cha plastiki. Nilimtembeza nyumba kadhaa msimu wa majani kuanguka, mwanamke mgumu kuridhika. Jumamosi alinipigia, anataka kuiona ile ya Cranberry. Nikamwambia Jumapili iko wazi, ingia tu.

— Hukumpeleka.

— Jumapili nilikuwa na shughuli.

— Shughuli gani?

— Samaki wameanza kuingia mtoni, Darlene.

Namjua Darlene tangu akiwa msichana wa shule, barua zake za mapenzi nimezipeleka mimi. Sikuwahi kumwona amekasirika polepole namna ile.

— Hebu nielewe, akasema. Tangu nimekaa hapa unaniambia mlango wazi ni upuuzi. Miaka yote hiyo unaniambia. Kumbe wewe unavua samaki, wateja wako unawatuma kwangu niwatembeze, niwaeleze bei ya gesi, niwafungulie mabomba, halafu Jumatatu unakuja kusema ni wako.

— Si mara zote.

— Wangapi, Vernon?

Hapo hakumwita Meya.

— Mnunuzi ana haki ya kuingia mlango uliofunguliwa, Vernon akasema. Na tuseme ukweli, ile ni huduma nzuri. Mlango wazi una faida zake, sijawahi kukataa.

— Umekataa sasa hivi. Umesema nyumba inanuka.

— Nilisema ikizidi.

— Yeye anavua samaki, wewe unauza nyumba, na mimi je? Kadi akasema. Mimi ndiye niliyemfungulia. Kama nisingekuwa mlangoni angeukuta umefungwa, angeondoka. Kwa hiyo mlango wazi umefanya kazi kwa sababu yangu.

— Mlango ni wangu, Anselmo.

— Mlango ni wa Oberlin.

— Basi mteja ni wa Oberlin.

— Posta, Meya akanigeukia, wewe huna upande. Ulikuwepo. Sema. Yule mama ni wa nani?

Nikasema mimi nilikuwa kwenye ngazi. Wakaniambia nisikwepe. Nikasema nilimwona Kadi akimpa kadi, ni kweli, na nilimwona Darlene akizungumza naye muda mrefu, ni kweli pia, na Vernon sikumwona. Vernon akasema ndiyo maana posta inafilisika. Sauti zilikuwa zimepanda mpaka Stavros alitoka na kitambaa chake, akatutazama, akarudi ndani.

Hatukuliona gari dogo la kijivu lililosimama nyuma ya lile la Darlene. Mtu alishuka na koti la bluu, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku, akawa anakwenda zake kununua kahawa. Alipotufikia akapunguza mwendo. Alimtazama Darlene, akamtazama Kadi, akamtazama Vernon, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba wote watatu wanafahamiana.

Wakasimama wote kwa pamoja. Vernon ndiye aliyewahi.

— Corinne, mama. Ndiyo kwanza nilikuwa nakutaja.

— Nimewasikia kutoka garini, akasema.

— Umeipenda nyumba? Kadi akauliza.

— Nimeipenda sana. Ndiyo shida yenyewe.

Alivua glavu moja, akaishika mkononi. Hakuwa na haraka, alikuwa amechoka tu.

— Nina mtoto ana pumu, akasema. Kile chumba cha chini ndicho kingekuwa chake, nyumba ina vyumba viwili tu juu na mama yangu anahamia kwetu. Sasa kule chini ukuta mmoja umepakwa rangi juzijuzi. Mmoja tu, na rangi inaishia magotini, kama ya kuficha unyevu. Wewe kaka nilikuuliza, ukaniambia rangi mpya inapendeza.

Kadi akaangalia viatu vyake.

— Wewe dada ukaniambia mwenye nyumba hajakueleza chochote kuhusu maji.

— Na ni kweli hajanieleza, Darlene akasema.

— Naamini. Mzee Vernon nikakupigia jioni, ukaniambia nyumba za zamani ndivyo zilivyo.

— Ndivyo zilivyo, mama. Kuna mkaguzi, tutamwita, yeye ndiye anayejua mambo ya kuta.

— Mkaguzi ataniambia habari ya ukuta. Mimi siulizi ukuta. Nauliza hivi: ikiwa nyumba ile haimfai mwanangu, ni nani kati yenu atakayeniambia nisinunue?

Basi lilifika, likafungua mlango, dereva akatusubiri, hakuna aliyepanda, akafunga akaenda. Vernon alifungua mdomo.

— Inategemea, akasema.

Corinne akamngojea. Alingojea kwa adabu kabisa, uso umeinamishwa kidogo kama mtu anayetaka kusikia vizuri. Vernon akalipungia gari lililopita. Kadi alikuwa ameingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu. Mimi niliangalia pembeni, na wala sikuwa nimeulizwa mimi.

— Haya, Corinne akasema. Nilikuwa nataka kujua tu.

Akaingia kwa Stavros, akatoka na kahawa yake na mfuko wa donati, akatuaga kwa kichwa, akaelekea kwenye gari. Alikuwa ameshawasha injini Darlene alipoinuka. Alitembea haraka na vile viatu vyake vya matope, akagonga kioo. Kioo kikashuka. Upepo ulikuwa unavuma upande mwingine, hatukusikia neno. Tuliona Darlene ameinama, mkono juu ya paa la gari, anaongea, na Corinne anatikisa kichwa kukubali, mara moja, halafu tena. Kisha gari likaondoka na Darlene akabaki amesimama kwenye theluji chafu.

Aliporudi alikaa palepale alipokuwa. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Akainywa hivyohivyo.

— Umemwambia nini? Vernon akauliza.

— Wewe unadhani nimemwambia nini?

— Umemchukua.

— Sijamchukua.

— Umemwambia ukuta unaingiza maji? Kadi akauliza.

— Sijui kama unaingiza maji, Anselmo. Leo namwuliza Dwight, na atanijibu kwa maandishi, asiponijibu atafute dalali mwingine wa kumchemshia vanila. Nilipaswa kumwuliza tangu Februari. Sikumwuliza kwa sababu sikutaka kujua, nilitaka iuzwe.

— Sasa yeye umemwambia nini? nikauliza mimi.

Darlene alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

— Nimemwambia atafute dalali wake mwenyewe. Mtu ambaye hakuwepo pale Jumapili.

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anapasua barafu ya mwisho mbele ya duka lake kwa koleo, pigo moja moja.

— Mimi sikuwepo, Vernon akasema.

Darlene alimtazama. Alimtazama muda mrefu sana, halafu akainuka akaenda kumpigia Dwight Oberlin simu.