Kompyuta ya Mjaka na Friji ya Bi Mwanamize

Baraza yetu pale Kengeja iko ukingoni mwa barabara, ubavuni mwa nyumba ya Mjaka. Ng'ambo ya pili ipo baraza ya kina Badar, karibu mno hata mtu akisonya kule, huku tunamsikia. Tangu uchaguzi ule uliorudiwa, baraza hizi mbili hazisemezani. Dukani kwao hatununui, kwetu hawanunui, harusi zao zao na zetu zetu, hata salamu tunaimeza. Nyiye mlio mbali mtatucheka, na mna haki. Basi alasiri moja Saud muuza kahawa alikuwa ndio kwanza anapuliza makaa chini ya dele lake, mara Mjaka akatoka kwake na shuka imemlowa mpaka magotini.

— Vipi, Mjaka? Umekwenda kuvua humo ndani? — akauliza Mwalimu Duni, mstaafu wetu, ambaye ndiye mwenye Kiingereza hapa barazani.

— Friji hiyo. Nimeizima, barafu zote za Bi Mwanamize zimekuwa maji. Kanitoa mbio na ufagio.

— Na friji umeizimia nini, barafu ndiyo biashara ya mkeo?

— Si kompyuta! Kompyuta ndiyo iliyonambia niizime.

Hapo ikabidi tumpishe akae, apewe kikombe, aeleze. Binti yake Khairiya kajifungua kule Maskati, mtoto wa kiume. Leo ndiyo akika yake, na jina atakalopewa ni Mjaka, la babu yake. Khairiya kaahidi kupiga baada ya kunyoa nywele, ili wazee wamuone mtoto kwenye kompyuta. Sasa kompyuta hiyo, ya zamani, ilikuwa ikionesha watu wote kijani. Mpwa wake akaleta kadi mpya ya picha kutoka Dar, akaichomeka, akawahi boti. Alipoondoka tu, kompyuta ikagoma kuonesha picha, ikatoa maandishi ya Kiingereza. Jana Khairiya alijaribu kupiga: sauti ya mtoto anayelia wameisikia, sura giza tupu.

— Nikalia na miye, — akasema Mjaka. — Ntu unamsikia njukuu wako, humuoni. Bora nisingesikia.

— Na maandishi yanasemaje? — nikauliza.

Mwalimu Duni akajikohoza. Yeye ndiye aliyeitwa kuyatafsiri.

— Yanasema hivi: kifaa hiki hakipati rasilimali za kutosha. Ukitaka kukitumia, zima kimojawapo cha vifaa vingine.

— Ndipo nikazima friji, — akasema Mjaka. — Haikukubali. Nikazima feni. Nikazima redio. Nikachomoa na pasi, nayo pasi ilikuwa imepoa tangu Idi.

Ng'ambo ya barabara Badar, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta na hana nyingine, alishusha kofia mpaka machoni. Sote tulimuona.

Shaame akaweka kikombe chini. Shaame tunamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kuliwasha jenereta la watu kwa kulipiga teke.

— Mjaka, ulivyofanya sawa, lakini umefanya kidogo. Umeme wa nyumba yako na wa jirani ni waya mmoja. Weye ukizima, jirani anakunywa ule uliouacha. Lazima wazime na majirani.

— Majirani wote?

— Mpaka kwenye nguzo.

— Umeme wenyewe mbovu! — akaingilia Mmanga, ambaye kwa habari zake jina lake ni Redio Mbao. — Unatoka Tanga, unapita chini ya bahari. Kitu kimepita chini ya bahari kitafika vipi kikavu? Kompyuta imepewa umeme umelowa, itafanyaje?

— Umeme haulowi, Mmanga, — akasema Mwalimu.

— Ushawahi kuushika weye?

— Sijaushika.

— Basi nyamaza. Mjaka, dawa yake itoe hiyo kompyuta, ianike kwenye jamvi pamoja na karafuu. Jua la siku mbili tu, inakauka, inaona mpaka Maskati.

— Siku mbili mtoto keshanyolewa! Anapiga leo, Mmanga, leo hii!

— Na hilo neno rasilimali nalo mlitizame, — Redio Mbao akaendelea bila kumsikia. — Rasilimali ya kisiwa hichi ni nini? Karafuu. Na karafuu inakwenda wapi? Inavuka bahari, sisi hatubakiwi na kitu. Kompyuta imetafuta rasilimali Pemba nzima, imekosa, ikasema kweli. Mashine haina chama, haiogopi ntu.

Baraza ikaguna kwa kuridhika, maana habari ikifika kwenye karafuu hakuna wa kuipinga. Mjaka peke yake hakuguna. Alikuwa akitazama dirisha la chumba ilimo kompyuta.

Mwalimu Duni akasogea mbele, na nikajua sasa tunapewa darasa.

— Sikilizeni. Humo kwenye sanduku zimo kadi mbili za picha. Ya asili, iliyozaliwa nayo, na hii iliyokuja na boti. Zote mbili zinataka sehemu ile ile. Hapo ndipo penye mgogoro.

Wallahi Badar aliinua kofia. Alisimama kabisa, mkono mmoja mbele, kama mtu anayetaka kumwambia dereva arudi nyuma kidogo tu, kidogo tena, hapo hapo.

— Kwa hivyo, — akasema Mwalimu, — dawa ni muafaka. Kila kadi ipewe wizara yake. Hii ya zamani ishike nyeusi na nyeupe, mpya ishike rangi.

Badar akakaa kitako akajipiga paja.

— Muafaka wa nini! — akapaza sauti Injinia. — Nyumba za majirani hazitoshi, sasa nimeona. Kinachokunywa umeme hapa kwetu ni pampu ya msikiti. Tumwendee imamu aizime mpaka Khairiya amalize kupiga.

— Na watu watatawadha na nini? Magharibi inakaribia.

— Watatayamamu kwa mchanga.

— Watatayamamu na kisima kiko pale? Kwa ajili ya kadi ya kompyuta? — Saud mwenyewe, ambaye kwa kawaida hasemi, ilimtoka.

— Dharura, Saud! Dini ina wepesi!

Wakawa wanabishana kama dharura ya kompyuta inafaa kwa tayamamu, mmoja anataka tumuulize shehe wa Kiuyu, mwengine hamtaki. Ndipo lori la abiria likasimama, akashuka mgeni amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kanga. Mtu wa kisiwa cha Kojani, alikuja kwa chombo kisha kwa gari. Akatusalimu, tukamwitikia, Saud akammiminia.

— Nnamtafuta Badar fundi kompyuta, — akasema. — Hino yangu haiwaki. Nimeambiwa kote Pemba hakuna kama yeye.

Injinia alitazama kikombe chake. Mimi, nakiri bila ya haya kubwa, nilianza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

— Yule pale, — Mjaka akasema taratibu, akionesha kwa kidevu.

Mgeni akageuka akamuona Badar, akatugeukia. Alikuwa amewahi kusikia ile ya pampu, maana sauti ya Injinia ilifika mpaka ndani ya lori.

— Na hiyo kompyuta iliyoharibika hapa kwenu ni ya nani?

— Yangu, — akasema Mjaka. — Nataka nimuone njukuu wangu. Yuko Maskati.

— Fundi yule pale, na hujamwita?

— Yule si wa kwetu, — akajibu Redio Mbao badala yake. — Mambo ya vyama, mgeni. Weye kunywa kahawa.

Mgeni akanywa, akauweka mzigo wake vizuri mapajani. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu asiyejua njia.

— Na huyo njukuu, yeye wa chama gani?

Redio Mbao, ambaye ana jibu la kila kitu chini ya jua, alimtazama Injinia, Injinia akamtazama Saud, na Saud akashughulika na makaa.

Mjaka alisimama. Shuka yake bado ikichuruzika, akaingia barabarani, na katikati akasita. Nilimuonea huruma, mtu mzima yule, salamu tu inamlemea.

— Assalaamu alaykum, Badar.

— Waalaykumu ssalaam, — Badar akajibu kabla hajamaliza. Alikuwa keshavaa makubadhi. — Kawashe friji kwanza! Vifaa vinavyosemwa ni vya ndani ya sanduku, si vya nyumbani! Ile kadi ya zamani ndiyo ya kuzima, humo humo kwenye kompyuta. Nimekaa pale nakusikilizeni, roho inataka kunitoka!

Wakaingia ndani wote wawili. Tukabaki tunasikiliza, pande zote mbili za barabara. Kisha tukasikia kengele ya simu ya kompyuta, na baada yake Bi Mwanamize akapiga kigelegele kirefu, Mjaka akatoa kichwa dirishani, macho yote maji.

— Njooni mumuone!

Hakusema kina nani. Kwa hivyo tulikwenda sote, wa kwetu na wa kwao, tukabanana mlangoni, tukajazana nyuma ya kiti chake bila kutazamana. Kwenye kioo alikuwamo Khairiya, na mapajani mwake kitoto kipara, safi, kina rangi yake kamili.

— Baba, — akasema Khairiya, akisogeza uso kwenye kioo, — hao nyuma yako ndio kina nani? Yule si Badar? Kwani mnasemezana?

Mjaka akageuka kututazama, nasi kila upande ukatazama dari.

Mtoto akapiga chafya.

— Yarhamuka Llah! — tukaitikia chumba kizima kwa sauti moja.