Bi Kuruthumu, Aliyekifuata Kikohozi Kilabuni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, muuguzi wetu Bi Kuruthumu Hilali anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi: kwanza Kasulu mjini alikozaliwa, kisha katika zahanati ya kijiji chetu, hapa Kibondo. Ndugu zake walimwambia huku ni mbali. Aliwajibu kwamba wagonjwa wa huku wako karibu sana na zahanati yao.

Alipofika, kutafuta wagonjwa wa kifua kikuu kulimaanisha kukaa mlangoni na kuwasubiri. Hawakuja. Wengi waliamini wamerogwa. Basi alifunga hijabu yake vizuri, akabeba makopo ya makohozi, akaingia kilabu cha pombe ya mtama, ambako wanaume huzunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija.

"Bi Kuruthumu naye kaanza!" alisema Mama Esteri, mwenye kilabu, na watu wakaangua kicheko.

"Nimefuata vifua, mama. Chungu ni chenu."

Kesho yake alirudi.

Hapo ndipo alipomsikia Tharsisi Niyonzima, mfyatua matofali, akikohoa. Tharsisi alijua kuwa akikutwa na TB, hatakaribishwa tena penye chungu. Kwa hiyo alimwomba mdogo wake akohoe kwenye kopo badala yake. Majibu yakaja safi, lakini yeye akazidi kukonda. Bi Kuruthumu aliyakataa majibu yale. Asubuhi moja alikwenda uani kwa Tharsisi, akavuta kigoda.

"Sitoki hapa mpaka ukohoe nikikuona."

"Dada, hata makohozi yangu unayaonea wivu?"

"Nayataka yote. Usimwachie mdogo wako hata kidogo."

Safari hii ugonjwa ulionekana. Tharsisi alimeza dawa miezi sita, na Bi Kuruthumu alimpitia hata barabara ilipokuwa tope tupu. Alipopona, wenzake bado walisogeza vigoda vyao mbali naye. Bi Kuruthumu akaingia naye kilabuni, akawasema mbele ya wote: TB husafiri kwa hewa, haikai kwenye mrija, na wao wanamkimbia mtu mzima wa afya huku wamejifungia ndani ya chumba kisicho na dirisha. Wiki ile Mama Esteri alibomoa ukuta akaweka madirisha mawili, kisha akampa Tharsisi mrija kwa mkono wake.

Wapo wanaosema kazi hii itaondoka na Bi Kuruthumu, kwa sababu hajapatikana wa kushika nafasi yake. Hatukubali. Tharsisi sasa huzunguka vilabu hadi Gwarama akiwatafuta wanaokohoa, na hakuna anayeweza kumdanganya kwa kopo la mtu mwingine. Sisi wa kikundi cha afya shuleni hupita nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Wakitufukuza, tutarudi.

Asante, Bi Kuruthumu. Nenda Kasulu ukapumzike, uamke jua likiwa juu, na maisha yako yawe marefu na yenye heri. Ukisikia jirani anakohoa, tunajua hutanyamaza.

Nasma Saady, Kidato cha Tatu