Lami ya Bwana Tak, Pilipili za Bibi Ma

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika Kitengo cha Barabara cha wilaya yetu ya Unhyeon, Bwana Tak Gyu-hwan anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wapo waliomwombea aondoke mapema zaidi, hasa madereva wa magreda aliowasimamisha kazi kwa kukosa kofia ngumu.

Alianza kama kibarua wa kuzibua mitaro, akapanda hadi kuwa mpangaji wa matengenezo. Ni katika cheo hicho alipofanya kosa lake maarufu. Kona ya kijiji cha Gamgol ilikuwa mashimo matupu. Bwana Tak akaitia lami mpya mwezi wa Agosti, akapigwa picha na mkuu wa wilaya. Hata Bibi Ma Sun-rye, mwenye shamba la hapo konani, alimletea gudulia la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na kumshukuru huku akilengwalengwa na machozi.

Wiki iliyofuata tukajua bibi alikuwa anashukuru nini. Lami mpya, laini, yenye joto: wapi pengine pa kuanikia pilipili? Nusu ya barabara ilikuwa nyekundu hadi darajani, na bibi amechuchumaa katikati akizigeuza, kayapa magari mgongo. Magari nayo, kwa kuwa mashimo hayapo, yalikuwa yanapaa. Lori la kabichi lilimkwepa bibi kwa chupuchupu, likaishia mtaroni. Bwana Tak alifika mbio, akamwomba atoke barabarani kabla hajafa.

"Enzi za mashimo yako nani alikufa hapa?" bibi akamuuliza. "Hao wendawazimu umewaleta wewe, mwanangu. Mimi naanika pilipili."

Sisi wenzake hatukumsaidia. Tulimwita Mheshimiwa Pilipili. Akaweka koni za kuonya magari, bibi akazitumia kukandamizia turubai la pilipili zake. Bwana Tak alikosa usingizi, akakonda, kisha akaleta mpango mpya: kona yoyote isitiwe lami kabla kijiji hakijapata uwanja wa kuanikia na barabara haijawekwa matuta. Mkuu wa kitengo akasema hii si idara ya pilipili. Bwana Tak akamjibu kwamba basi, siku bibi akigongwa, mkuu ndiye atakayekwenda kuwaambia watoto wa bibi. Mpango ukapita, na hadi leo ndio tunaoufuata.

Bibi Ma alifariki majira ya baridi yaliyopita, akiwa na miaka tisini na mmoja, kitandani mwake, usingizini. Msibani Bwana Tak alilia kuwashinda watoto wa marehemu. Siku hiyo hatukumtania.

Sasa amenunua shamba la pilipili, tena Gamgol, hapo hapo konani. Bwana Tak, asante kwa kila aliyefika nyumbani salama bila kujua jina lako. Tunakutakia afya, mapumziko na mavuno mengi. Ila tukiona pilipili yako hata moja juu ya lami, tutaifagia.