Simu Kabla ya Kufunga Sanduku

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mratibu wetu wa mafunzo ya ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu anastaafu. Wote tunamwita Bi Ratiba, hata mkurugenzi, ingawa yeye hulitamka kwa woga kidogo.

Alianza akiwa mpiga chapa. Baadaye ndiye aliyepanga nani akae wodi ya kiharusi, nani kliniki ya kifafa. Daktari aliyekuja kumbembeleza abadilishiwe zamu alitoka na kikombe cha chai mkononi na zamu ileile. Nimekaa naye chumba kimoja miaka tisa, sijaona aliyefanikiwa.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwaelewesha wageni njia mbili za kuusomea ubingwa huu. Moja ni miaka minne hapa hapa: mmoja wa magonjwa ya ndani, mitatu ya kwetu. Nyingine ni hiyo mitatu tu, na mwaka wa kwanza, ule wa magonjwa ya ndani, mtu ajitafutie hospitali nyingine kabla hajaja. Kwenye karatasi zinafanana kama mapacha.

Mwaka wake wa nne, alituma barua ya kuchaguliwa kwa njia ya pili bila mstari unaosema mwaka wa kwanza ni wa kujitafutia. Daktari kijana, binti wa fundi cherehani, alifika na sanduku na mama yake, akaambiwa hana pa kuanzia. Hospitali nyingine zote zilikuwa zimeshajaa. Alilia koridoni, akaondoka, na hatukusikia kama aliwahi kuwa bingwa. Bi Ratiba hakumsingizia mtu. Alianza kumpigia simu kila aliyechaguliwa, mmoja mmoja: "Mwanangu, mwaka wa kwanza utausoma wapi?" Miaka ishirini na saba, hakuna mwingine aliyekuja bure.

Nafasi yake haitajazwa. Barua zitatumwa na kompyuta, ndivyo tulivyoambiwa. Ameomba majina kumi na mawili ya mwaka huu apige simu akiwa nyumbani. Ofisi imekataa, eti majina ni siri na yeye hatakuwa mfanyakazi tena. Inaniuma, na nimeshindwa kuitafutia utani.

Bi Ratiba, tunakushukuru kwa moyo wote. Ukapumzike, wajukuu wakuchoshe, na siku zako ziwe tulivu. Sisi huku tutajitahidi. Jana nilijifungia stoo nikampigia wa kwanza kwenye orodha, nikamuuliza kwa maneno yako yaleyale. Akasema, "Mwaka upi?"