Neno la Mwisho kwenye Karatasi ya Fundi Cherehani

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na kabla sijaanza niwaombe radhi, familia imenituma nisome polepole, kwa sababu mwanawe wa kiume yuko njiani, mapigano huko aliko yanaanza tena saa sita mchana wa leo, na simu yake haipatikani, kwa hiyo mkiniona naangalia mlango kila baada ya mstari msidhani nimepoteza ukurasa.

Dada yetu, ambaye wengi wenu hapa mmevaa kazi ya mikono yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1967 na kumaliza darasa la saba mwaka 1973, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho, bila haya yoyote, kwa Kiingereza, na baba alipouliza kulikoni alijibiwa kwamba kwa lugha hiyo hana wa kugombana naye.

Mwaka 1975 alijifunza ushonaji kwa shangazi, mwaka 1979 akafungua chumba chake barabara ya sokoni, chumba cha mlango mmoja, cherehani ya kukanyaga na kioo kilichopasuka pembeni, na humo akahangaika miaka yote, maana dada hakujua kutulia, hata chakula alikula amesimama, tepu shingoni. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, shemeji yetu aliyetangulia mwaka 2004, wakajaliwa binti mwaka 1984, ambaye ni muuguzi, na wa kiume mwaka 1989, fundi wa jenereta.

Tarehe 2 Februari 2019 fundi huyo wa jenereta aliajiriwa na hospitali moja ya nchi jirani, mwaka uliofuata vita vikalipuka huko, simu zikakatika, na habari za mapema zikawa zinapatikana kwenye redio ya Kiingereza tu. Hapo ndipo mama wa miaka sitini na moja alipomvaa jirani yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akamwambia, "Mwalimu, salamu na hali ya hewa kaa nazo, mimi nifundishe vita tu." Kila neno lililotoka redioni aliliandika kwenye karatasi ya kaki ya kukatia nguo, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, kuzingirwa, majeruhi, wakimbizi, mazungumzo, akaitundika juu ya cherehani, na mteja aliyekuja kupima gauni alijikuta anamhoji fundi msamiati huku mikono iko juu na pini ziko kiunoni.

Tarehe 9 Juni 2021 redio ilitangaza "ceasefire", kusitisha mapigano, neno ambalo tayari alikuwa nalo ukutani, lakini furaha ikamzidi, akalipokea kama mwisho wa vita, akatandika kitanda cha mwanawe, akamshonea suti ya kijivu kwa vipimo vya zamani, akabakiza pindo la suruali ili ampime akifika. Siku ya tatu mizinga ikarudi. Hakulia mbele yetu, alikwenda kumgombeza mwalimu kwamba amemfundisha neno nusu, mwalimu wa watu akakubali kosa lisilo lake, na kuanzia hapo masomo yakawa makali, kwamba kusitisha mapigano ni bunduki kushushwa wakati kidole bado kiko karibu, kwamba mkataba ni karatasi yenye saini na karatasi huchanika, na kuhusu "peace" aliliandika chini kabisa, upande wa Kiswahili akauacha mtupu, akasema utajazwa mwanangu akiingia mlangoni. Ole wake aliyemwambia amani imerudi huko, mimi mwenyewe nilishawahi kutolewa nje kwa rula ya fundi.

Moyo ulianza kumsumbua Mei 2024, alilazwa mara tatu, daktari akamwamuru apumzike, naye akapumzika kwa kushona vifungo. Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, akiwa wodini, alisikia redioni kwamba kuanzia saa sita mchana huo mapigano yatasitishwa kwa siku tatu, binti yake akaanza kushangilia, dada akamkatiza, "Siku tatu ni za kuokota majeruhi. Mwambieni akimbie." Saa kumi na nusu jioni dada alitutoka, miaka sitini na sita, redio ikiwa bado sikioni. Jana mwanawe aliazima simu ya dereva, tukampa habari, akasema nisubirini, ikakatika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, mafundi wenzake mliofunga vyumba leo, wateja ambao nguo zenu bado ziko mezani, msiulize leo, na mwalimu mstaafu, aliyekaa pale mbele ameishika ile karatasi.

Nimebakiza mstari mmoja, na huo sina ruhusa ya kuusoma, dada angenitoa nje tena, nao vijana wa kaburini wananiashiria kwamba muda umekwisha, ni saa tano na robo, niongezeeni dakika.

Mbona wa nyuma mnasimama? Mpisheni, tafadhali, huyo mwenye vumbi mpisheni, apite mpaka mbele. Pole, mpwa wangu, tumekusubiri. Mwalimu, mpe kalamu.

Dada, ameingia mlangoni. Pumzika kwa amani.